Shaha, Hazina na “Nicheki”

Wapenzi wengi wa lugha huamini kwamba ukitaka kujua maana halisi ya neno, utafute kwanza lilikotoka. Asili ndiyo maana, husema, na maana zilizokuja baadaye ni upotoshaji wa wajinga au uvivu wa vijana. Imani hii ina mvuto kwa sababu inampa msomi mahali pa kusimama, tena inaleta heshima kwa wazee wa zamani. Lakini ikipimwa kwa neno moja tu ambalo historia yake imeandikwa vizuri, haisimami. Neno ninalolileta hapa ni la Kiingereza, tena la kawaida mno: “check”. Fundi akikagua breki za gari, hiyo ni “check”. Karatasi anayoiandika mteja wa benki ili mwenzake alipwe, Mmarekani huiita “check” na Mwingereza huiandika “cheque”. Mlaji aliyeshiba mjini Chicago humwomba mhudumu “check”, yaani bili. Alama ya vema kwenye fomu ni “check” huko Marekani, kitambaa chenye miraba ni “check”, na anayemtishia mfalme wa mpinzani wake kwenye sataranji hutamka “check”. Wanaofundisha katiba ya Marekani nao hulitumia kueleza jinsi Bunge, Rais na Mahakama wanavyozuiana. Mwanafunzi akiuliza maana halisi ni ipi kati ya hizi, jibu la kihistoria ni kwamba hakuna hata moja. Maana ya kwanza ya neno hili ilikuwa “mfalme”, na leo hakuna Mwingereza anayelitumia hivyo.

Mwanzo wake uko Uajemi. Katika maandishi ambayo Mfalme Dario aliamuru yachongwe kwenye mwamba wa Behistun yapata miaka 520 kabla ya Kristo, cheo chake kimeandikwa kwa neno la Kiajemi cha kale ambalo, baada ya karne nyingi za kufupishwa midomoni mwa watu, limekuwa “shah”. Neno hilo lingeweza kubaki cheo tu, kama vyeo vingine vingi vya kifalme, lau si mchezo. Karibu karne ya 6, Wahindi walikuwa na mchezo wa vita ulioitwa chaturanga, wenye sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi waliuchukua wakauita chatrang. Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7 waliupokea, wakaubadili kidogo kwa ulimi wao ukawa shatranj, na kutoka hapo Kiswahili kikapata sataranji. Kwa njia ya Hispania na Italia mchezo ukaingia Ulaya, na mfalme wake akaingia na jina lake la Kiajemi.

Badiliko kubwa la kwanza la maana lilitokea mchezoni. Ilikuwa desturi kwamba mchezaji anayemshambulia mfalme wa mwenzake humtahadharisha kwa kutamka “shah!”. Maana yake ilikuwa: mwangalie mfalme wako. Waliosikia wito huo bila kujua Kiajemi hawakusikia tena “mfalme” ndani yake. Walichokiona ni mchezaji aliyelazimika kusitisha mipango yake yote ili amwokoe mfalme. Neno likahama kutoka kwa mtu kwenda kwenye hali yake. Kifaransa cha kale kikalifanya “eschec”, na wingi wake “esches”, na Kiingereza kikayachukua yote mawili: moja likawa “check”, jingine likawa “chess”, jina la mchezo wenyewe. Kwa hiyo maneno hayo mawili, ambayo Waingereza wengi huyaona hayahusiani, ni neno moja katika umoja na wingi. Wito wa mwisho wa mchezo, “checkmate”, unatokana na “shah mat”. Wapo wanaoufasiri kwa Kiarabu kuwa “mfalme amekufa”, na msemaji wa Kiswahili anashawishika upesi kwa kuwa mzizi huohuo wa Kiarabu umetupa mauti na maiti. Lakini katika Kiajemi “mat” ni kuduwaa, kukosa la kufanya, na kanuni za mchezo zinaelekea upande huo: mfalme wa sataranji hauawi kamwe, huachwa tu hana pa kwenda.

Hadi hapa tuna maana mbili, hatari na kuzuiliwa. Maana za fedha zilizaliwa Uingereza, na chanzo chake ni meza. Wanormani walioiteka nchi hiyo mwaka 1066 walileta Kifaransa katika utawala, na chini ya Mfalme Henry wa Kwanza, mwanzoni mwa karne ya 12, hesabu za mapato ya ufalme zilianza kufanyiwa kikao rasmi. Tunajua kilivyokuwa kwa sababu mtunza hazina Richard FitzNeal alikieleza kwa kina katika kitabu alichokiandika kwa Kilatini mnamo miaka ya 1170. Meza ilikuwa na urefu wa futi 10 hivi na upana wa futi 5, na ukingo wake uliinuka kiasi cha vidole vinne ili kitu kisidondoke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi kilichonunuliwa kila msimu wa Pasaka, chenye mistari iliyoachana kwa futi moja au shubiri moja. Katika nafasi za katikati ya mistari ziliwekwa kete: safu moja ya peni, nyingine ya shilingi, nyingine ya pauni, kisha ishirini-ishirini, mamia na maelfu. Upande mmoja wa hesabu alikuwapo mtunza hazina, na upande wa pili ofisa wa mfalme aliyekusanya kodi ya jimbo lake. FitzNeal mwenyewe anasema meza ilipata jina la ubao wa sataranji kwa kufanana nao, na analifananisha pambano la wawili hao na mchezo wenyewe; jina hilo kwa Kilatini ni “scaccarium”, ambalo katika Kiingereza limekuwa “Exchequer”.

Msomaji wa leo anaweza kuona ni mapambo mengi kwa kazi ndogo, lakini sababu ilikuwa nzito. Uingereza ya wakati huo iliandika hesabu kwa tarakimu za Kirumi, ambazo hazifai kujumlishia wala kutolea, na wengi wa maofisa waliofika kutoa hesabu hawakujua kusoma. Kete zilizosogezwa mbele ya macho yao zilikuwa ushahidi ambao hata asiyejua herufi angeweza kuufuata na kuubishia. Kwa stakabadhi pia, hazina ilitumia kitu kisichohitaji kusomwa. Aliyelipa alipewa kijiti kilichokatwa alama: mkato wenye upana wa kiganja kwa pauni 1,000, wa dole gumba kwa pauni 100, wa kidole cha mwisho kwa pauni 20, na wa punje ya shayiri kwa pauni moja. Kijiti kilipasuliwa kwa urefu wake, kila upande ukabaki na nusu ya kila mkato. Siku ya ubishi vipande viliunganishwa. Mwizi aliyeongeza mkato kwenye kipande chake alijulikana papo hapo, kwa maana kipande cha mwenzake hakikuwa nao. Vijiti hivyo vilitumika hadi mwaka 1826. Kisha tarehe 16 Oktoba 1834, vilipokuwa vinateketezwa kwenye matanuri yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Malodi, moto ukapanda ukaliunguza jengo la Bunge la Uingereza karibu lote. Jina la meza halikuungua. Waziri wa fedha wa Uingereza hadi leo cheo chake kina neno “Exchequer”, na huku kwetu Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya ya mwaka 2012 inaitaja akaunti ya taifa iliyoko Benki Kuu kwa jina la “National Exchequer Account”. Gavana wa kaunti anayelalamika kwamba fedha hazijatoka huko analitaja, bila kukusudia, jina la ubao wa sataranji.

Meza hiyo inatusaidia kuelewa hatua inayowatatiza wengi: imekuwaje neno lenye maana ya kuzuia likaja kumaanisha kukagua? Mtu akifikiri kwa haraka ataona ni mambo mawili yaliyo mbali. Lakini katika ofisi ya fedha ni jambo moja. Kumzuia ofisa asiibe na kulinganisha hesabu yake na kumbukumbu nyingine ni kazi ileile inayofanywa kwa mkono uleule. Neno jingine la Kiingereza, “control”, linathibitisha hili kwa njia yake: asili yake ni Kifaransa kwa maana ya daftari la pili lililowekwa ili kulinganishwa na la kwanza, na sasa maana yake ni kutawala na kuzuia. Hilo limetoka kwenye ulinganishaji likafika kwenye uzuiaji, na “check” limetoka kwenye uzuiaji likafika kwenye ulinganishaji. Wala si tabia ya Waingereza peke yao. Kiswahili kimechukua kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu maneno kudhibiti na madhubuti, na katika Kiarabu chenyewe mzizi huo unabeba kushika kwa nguvu na kuwa sahihi bila kosa. Watu waliohesabu mali, popote walipokuwa, wamegundua kwamba kisichoshikwa sawasawa hakihesabiki sawasawa. Ukaguzi wa gari, wa mizigo, wa tahajia na wa afya ulifuata kwa wepesi baada ya hapo.

Karatasi ya benki nayo imetoka katika ukaguzi huo. Katika karne ya 18, “check” lilikuwa jina la kile kipande kinachobaki kitabuni baada ya hati ya malipo kukatwa, kipande cha kulinganishia ili hati ya kughushi itambulike, sawasawa na ile nusu ya kijiti. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kipande kinachobaki kwenda kwenye karatasi inayotolewa. Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu la heshima. Waandishi wengi, hasa wanaojali mchango wa Waislamu katika ustaarabu wa dunia, wanasema “cheque” linatokana na neno la Kiarabu “sakk”, hati ya malipo iliyotumiwa na wafanyabiashara wa Kiislamu karne nyingi kabla ya benki za London. Kuhusu hati yenyewe hakuna ubishi. Msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya 10, aliandika habari za “sakk” ya dinari 42,000 aliyoiona Awdaghost, mji wa misafara kusini mwa Sahara. Ni fedha nyingi mno, na ni ushahidi wa biashara iliyoaminiana kuvuka jangwa. Lakini utangulizi wa hati na asili ya jina ni maswali mawili. Jina la Kiingereza tunaliona likianza kwa tahajia ya “check”, kwa maana ya kipande cha kulinganishia, ndani ya familia ya maneno ya hazina ambayo tayari ilikuwa na umri wa miaka 600. Hatua zake zote zimeandikwa. Dai la “sakk” linategemea mfanano wa sauti, na mfanano wa sauti umewadanganya wengi. Yule ofisa wa jimbo aliyekaa mbele ya kete aliitwa “sheriff”, na Mswahili yeyote angeapa kwamba huyo ni sharifu. Kumbe neno hilo ni la Kiingereza cha kale, lenye maana ya msimamizi wa jimbo, na halikupita Uarabuni.

Maana zilizobaki hazina haja ya maelezo marefu. Kitambaa cha miraba kimepata jina kwa kufanana na ubao, na hatua hiyo tunaielewa vizuri kwa kuwa Watanzania wanaoita nguo ya namna hiyo shati la drafti wamefanya jambo hilohilo kwa mchezo wao wenyewe. Bili ya hotelini, tikiti ya mzigo uliowekwa, alama ya vema, kuripoti kwenye uwanja wa ndege, yote yametoka kwenye karatasi au alama ya kuhakikishia, na mengi yamekua Marekani kuliko Uingereza.

Sasa turudi kwa wanaosema asili ndiyo maana. Wakiisimamia kanuni yao hadi mwisho, watalazimika kusema kwamba anayeandika hundi, anayekagua breki na anayevaa shati la miraba wote wanakosea, kwa sababu hakuna mfalme katika shughuli zao. Hakuna mtetezi wa asili anayethubutu kufika huko. Kwa kawaida husimama mahali fulani katikati ya njia, kwenye maana aliyoizoea yeye au aliyofundishwa shuleni, akaiita ya asili. Anachokitetea kwa kweli ni mazoea ya kizazi chake, na mazoea ni jambo la kuheshimiwa, ila yaitwe kwa jina lake. Kuna pingamizi jingine lenye akili zaidi: pengine haya si maana nyingi za neno moja, ni maneno mengi yaliyogongana sauti. Mambo hayo hutokea. Kwa Kiingereza “bat” ni popo na pia gongo la kriketi, na asili zao ni mbalimbali. Kiswahili kina kaa wa baharini, kaa la moto na kukaa kitako. Tofauti yake na “check” ni kwamba hapa kila maana inaweza kufuatwa nyuma hadi inapoungana na jirani yake. Ondoa mchezo, meza ya hazina haina jina. Ondoa meza, na hundi haina jina. Hapa ndipo asili inapofaa: haimwambii mtu neno lina maana gani leo, lakini inamwonyesha jinsi maana za leo zilivyoshikamana.

Vipi kuhusu uwazi? Neno lenye maana kumi na zaidi, wengine husema, ni mlango wa utata, na lugha inayojali usahihi ingepaswa kulifunga. Matumizi hayaungi mkono hofu hiyo. Mhudumu anayeombwa “check” haleti ubao wa sataranji, na polisi wa kizuizi cha barabarani hatafuti hundi. Maneno jirani na mahali pa mazungumzo huchuja maana kabla hata sentensi haijaisha. Pale utata ulipoleta hatari ya kweli, yaani kwenye fedha, Waingereza walijitafutia dawa wenyewe bila amri ya baraza lolote: waliitenga karatasi ya benki kwa tahajia ya “cheque”, wakiiazima sura ya “Exchequer”. Wamarekani hawakuona haja hiyo, na benki zao hazikuanguka kwa sababu ya tahajia.

Kwetu neno hili limekuja mara mbili, na ndiyo sababu linamhusu msomaji wa Kiswahili kuliko anavyodhani. Mara ya kwanza lilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi, bila kupitia Ulaya, kama shaha: mfalme wa sataranji, kisha mkuu wa watunzi wa mashairi. Hakuna anayedai shaha wa malenga amevuliwa maana yake halisi kwa kuwa hana kiti cha enzi. Mara ya pili lilikuja kwa Kiingereza kama cheki, la benki na la mitaani. Benki zetu zilikuwa tayari na hundi, neno la Kihindi lililoletwa na wafanyabiashara wa Bara Hindi pamoja na hati yenyewe, na kwa hiyo hata anayekataa “cheki” ya benki akitaka Kiswahili safi anashika neno jingine la kuazima. Mitaani, cheki limeendelea kukua. Cheki! ni tazama. Kucheki mpira ni kuutazama. Na “nicheki kesho” haina maana ya kunikagua. Ni nitafute, nipigie, tuwasiliane. Maana hii ya kuwasiliana haitumiki hivyo katika Kiingereza cha kawaida. Ni hatua mpya, na imefuata kanuni ileile iliyomtoa mfalme mchezoni na kumfikisha kwenye hazina: kutoka kutazama kama mtu yupo, hadi kumfikia.

Lipo neno la kweli katika malalamiko dhidi ya “cheki”, ila haliko kwenye ugeni wake. Daktari hupima, mkaguzi wa hesabu hukagua, mhariri huhakiki, mpelelezi huchunguza, jirani huchungulia. Kila kitenzi kati ya hivyo kinasema nani anatazama, kwa mamlaka gani na kwa makini kiasi gani. Ripoti ya hospitali inayosema mgonjwa “alichekiwa” imeficha kama alipimwa damu au alitupiwa jicho tu, na mgonjwa ana haki ya kujua tofauti hiyo. Mhariri anayefuta neno hilo kwenye ripoti anafanya kazi yake vizuri. Anayelifuta kwenye mazungumzo ya vijana ndani ya riwaya anaharibu, maana wahusika hao huko ndiko wanakoishi. Watunga kamusi nao, wakiliingiza cheki, wasitosheke na tafsiri za Kiingereza. Waandike na maana ya kuwasiliana, pamoja na mwaka walipoikuta kwenye maandishi kwa mara ya kwanza, kwa kuwa maana hiyo haikuletwa na meli kutoka London. Wasemaji wa Kiswahili wameitengeneza wenyewe.